Filimbi Iliyo Bora na Sikio la Kuichagua

Somo la kutafakari: 1 Wakorinto 14, 7



Anayeanza kujifunza chombo cha muziki hana taabu ya kuchagua. Hupokea kile kilichopo: gita la kaka yake, ngoma ya parokia, kinanda kilichoachwa na mapadri wa zamani. Taabu ya kuchagua humjia baadaye, pale ambapo ameshapiga miaka mingi, vidole vimezoea, sikio limefunguka, na moyo unaanza kumwambia kwamba chombo alicho nacho hakimtoshi tena. Huyo si mwanafunzi, wala si mwanamuziki anayepata mkate wake kwa muziki. Ni mtu wa kujitolea, aliye na ujuzi kiasi na fedha kidogo. Kwake swali ni zito: je, ninunue kilicho bora zaidi? Na kama ndiyo, kipi? Na kwa haki gani, wakati jirani yangu ana shida?

Mimi nimepuliza filimbi kanisani, hapa Lubumbashi, kwa muda wa miaka ishirini na saba, nikisaidia kwaya katika zaburi na katika nyimbo za baada ya komunyo. Miaka miwili iliyopita nililazimika kujibu maswali hayo matatu. Nawaandikia niliyojifunza, kwa sababu naona kwamba ninyi nanyi mnachagua kila siku, na si filimbi tu.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Filimbi ninayoisema si ile ya mwanzi, wala si ile ya mwamuzi wa mpira. Ni filimbi ya madini inayoshikwa kwa upande, yenye vipande vitatu: kichwa, mwili na mguu. Umbo lake la leo tulilipata kwa Theobald Boehm, mpiga filimbi wa mji wa München huko Ujerumani, aliyejifunza pia ufundi wa kufua dhahabu. Mwaka 1847 alitengeneza filimbi ambayo mwili wake ni bomba la upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho, lenye matundu makubwa mno kuweza kuzibwa na vidole vitupu. Kwa hiyo kila tundu lina kifuniko, na ndani ya kifuniko mna kimto kidogo cha sufi kilichovikwa ngozi nyembamba sana. Kimto kikikaa sawasawa, hewa haivuji na sauti hutoka safi. Kimto kikipasuka, hata malaika hawezi kuipuliza filimbi hiyo vizuri.

Filimbi yangu ya kwanza ilikuwa ya kujifunzia. Madini yake huitwa na watu wengine «fedha ya Kijerumani», lakini katika mchanganyiko wake hamna fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki, kisha juu hupakwa fedha nyembamba ili ing'ae. Sisi watu wa Katanga tuna haki ya kutabasamu kidogo: shaba ni ya kwetu, zinki huchimbwa Kipushi, nasi twauziwa kwa jina la fedha!

Kosa ni la nani?

Tulipokuwa tukisomea ualimu, tulizoezwa swali moja ambalo sijalisahau. Darasa zima likishindwa mtihani, mwalimu asikimbilie kusema kwamba watoto ni wavivu. Ajiulize kwanza: kosa ni la mwanafunzi, au ni la somo? Swali hilo nililigeuza likawa langu. Kila Dominika baada ya misa nilifungua daftari lenye safu mbili. Upande wa kushoto niliandika yaliyoharibika kwa ajili yangu, na upande wa kulia yaliyoharibika kwa ajili ya filimbi. Nilifanya hivyo miezi mitatu.

Upande wa kushoto ulijaa upesi. Pumzi ilikwisha kabla ya sentensi ya wimbo kuisha. Niliingia mapema. Sauti za juu zilikuwa kali kwa sababu midomo ilikaza kwa hofu. Katika mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za baridi, filimbi ilishuka chini ya sauti ya kinanda. Hiyo nayo si hatia ya filimbi, kwa maana hewa ya baridi hushusha sauti ya kila chombo cha kupulizwa. Mpigaji mwenye busara huipasha joto kwa pumzi yake kabla ya wimbo wa mwanzo.

Upande wa kulia ulikuwa mfupi zaidi, lakini haukuwa mtupu. Sauti za chini kabisa zilikataa kutoka. Basi nikampelekea filimbi fundi mmoja wa saa, mtu wa mikono mitulivu, maana fundi wa filimbi mjini sikumpata. Tulitumia njia iliyo rahisi: unaweka kipande cha karatasi nyembamba ya sigara chini ya kimto, unafunga kifuniko polepole, kisha unaivuta karatasi. Ikishikwa pande zote sawasawa, kimto ni kizima. Ikiteleza upande mmoja, hapo hewa inavuja. Tuliona vimto viwili vimepasuka. Alivibadilisha, akakaza skrubu iliyolegea, na nusu ya malalamiko yangu ya upande wa kulia ikatoweka siku ile ile kwa gharama ndogo sana.

Likabaki jambo moja tu. Katika wimbo wa kutafakari baada ya komunyo, ambapo watu wamepiga magoti na kwaya inaimba kwa sauti ya chini, filimbi yangu haikuweza kuwa laini na wakati huohuo ikasikika. Nikiipuliza kwa upole, sauti za chini zilikufa. Nikiongeza nguvu, zilikwaruza. Nililijaribu jambo hilo asubuhi na jioni, nikiwa mzima na nikiwa nimechoka, na halikubadilika. Hapo ndipo nilipoweza kusema kwa sentensi moja ninachokihitaji: filimbi inayoweza kusema chini, kwa upole, na kufika hadi benchi la mwisho.

Wapenzi vijana, shikeni hili hata kama mtasahau mengine. Asiyeweza kutaja kwa sentensi moja kile ambacho chombo cha zamani kinamzuia kufanya, bado hajawa tayari kununua kipya. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake wasibadilishe uamuzi wao katika saa ya ukiwa, wakati roho imefadhaika. Mimi naongeza kwa udogo wangu: usiende kununua filimbi jioni ya siku uliyopiga vibaya.

Filimbi tatu

Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na filimbi tatu zilizotoka ng'ambo, zote zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ilifanana na yangu, ila ilitunzwa vizuri zaidi. Bei yake ilikuwa dola 350. Ya pili ilikuwa na kichwa cha fedha ya kweli, chenye alama 925, maana yake sehemu 925 kwa kila 1000 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Mwili wake ulikuwa wa mchanganyiko uliopakwa fedha. Hiyo aliitakia dola 1100. Ya tatu ilikuwa ya fedha mwili mzima, bamba la mdomo likiwa na rangi ya dhahabu. Vifuniko vyake vitano vilikuwa na matundu katikati, na mguu wake ulikuwa mrefu zaidi ili kushuka hadi sauti ya si. Bei: dola 2800.

Yule mfanyabiashara alinitazama, akaishika ile ya tatu kwa mikono miwili, akasema: «Papa Katekista, mtu wa heshima na wa umri wako hawezi kupiga nyingine mbele ya watu isipokuwa hii.» Nakiri kwamba maneno hayo yalikuwa matamu. Jaribu huja hivyo: linazungumza na umri wako, cheo chako na macho ya watu, lakini halisemi neno lolote juu ya wimbo wa baada ya komunyo.

Je, fedha nyingi zaidi huleta sauti bora zaidi? Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani, John Coltman, ambaye naye alikuwa mpiga filimbi wa kujitolea, alichapisha majaribio yake. Alitengeneza mabomba ya fedha, ya shaba na ya mti, yenye vipimo sawa kwa ndani na sehemu za mdomo zilizo sawa. Wasikilizaji wazoefu walipozisikia bila kuziona, hawakuweza kuzitofautisha. Wenye kupuliza nao walishindwa. Kinachotengeneza sauti ni hewa inayotikisika ndani ya bomba, si ukuta wa bomba. Ndiyo maana wajuzi husema uangalie kichwa kwanza, hasa tundu la mdomo: namna kingo zake zilivyokatwa. Pale pumzi inapogawanyika, pale ndipo sauti inapozaliwa. Tofauti iliyo ndogo kuliko unene wa ukucha yaweza kuwa tofauti kati ya filimbi inayokusikia na filimbi inayokupinga.

Mengine niliyapima kwa mahitaji yangu. Vifuniko vyenye matundu hudai kidole kikae sawasawa katikati. Kijana anaweza kuzoea, lakini vidole vyangu vimeanza kukakamaa. Mguu mrefu huongeza uzito, na katika nyimbo zetu zote sikuona hata moja inayohitaji si ya chini. Niliuliza pia swali ambalo wengi husahau: ikiharibika, nani ataitengeneza? Fundi wangu wa saa aliitazama ile ya tatu, akatikisa kichwa. Chombo ambacho hakuna mtu mjini awezaye kukihudumia ni mgeni asiyejua lugha ya nyumbani.

Wasikilizaji wenye kugeuza mgongo

Mfanyabiashara alikubali tuzijaribu kanisani, yeye mwenyewe akiwapo. Niliwaomba watu wanne wakae benchi la mwisho, wakitazama mlangoni: kiongozi wa kwaya, vijana wawili wa sauti ya tatu, na mama mmoja mzee wa Legio ya Maria asiyesoma nota. Nilipiga wimbo mmoja ule ule kwa kila filimbi, pamoja na ile yangu ya zamani, mara tatu, nikibadilisha utaratibu bila kuwaambia. Nilianza chini kabisa, kwa upole, kisha katikati, kisha nikapanda hadi mi ya juu, ambayo ni sauti yenye ukaidi katika filimbi nyingi. Mwishoni nilipiga pamoja na kinanda, kwa kuwa filimbi nyingi za leo hutengenezwa kwa la ya mitikisiko 442 kwa sekunde, wakati kinanda cha umeme huwa kimewekwa 440. Inabidi kichwa kivutwe nje kidogo, na usikie kama sauti zote zinakubali kushuka pamoja, si moja moja.

Ile ya tatu ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Ilikuwa na nguvu, na juu iling'ara kama kengele. Lakini kwa upole, kule chini, ilinitaka pumzi ambayo sina tena. Ya kwanza haikutofautiana sana na yangu iliyokwisha kutengenezwa. Kiongozi wa kwaya na kijana mmoja walichagua ya pili. Kijana wa pili alichagua ya tatu. Yule mama mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, hali hajui ni ipi: «Ile uliyopiga kabla ya mwisho inasema maneno. Nyingine zinapiga tu sauti.» Ilikuwa ya pili.

Nilimkumbuka Mtume Paulo. Alipowaandikia Wakorinto juu ya karama za Roho, aliwakumbusha kwamba hata filimbi haimfaidi msikilizaji ikiwa sauti zake zimechanganyika. Mama yule hakuwa amelifikiria somo hilo. Alikuwa amelisikia kwa masikio yake.

Swali la maskini

Fedha nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo kwa miaka minne. Nilipomweleza mke wangu, aliniuliza maswali mawili. La kwanza: «Papa, unataka filimbi, au unataka kuonekana na filimbi?» Nikamsomea daftari, nikamweleza juu ya benchi la mwisho, akaridhika. La pili lilikuwa gumu zaidi: «Na mtoto wa marehemu dada yako, ambaye wamemrudisha nyumbani kwa sababu ya karo?»

Vijana, hapo ndipo kuna uzito wa jambo hili. Wengi wetu, tukisikia swali kama hilo, hufanya moja kati ya mawili. Ama tunanyamaza kwa aibu, tunaacha kununua, na fedha zinaisha katika mambo mengine madogo bila mtoto kuona hata senti. Ama tunakasirika, tunanunua, na tunamsahau mtoto. Katika Injili ya Yohane, sura ya 12, Maria wa Betania anamimina miguuni pa Yezu marhamu ya thamani ya dinari 300, na Yuda anawataja maskini. Lakini Mwinjili anatuonya kwamba yule aliyewataja hakuwajali. Bwana hakusema kwamba maskini si kitu. Alimtetea mwanamke aliyetoa kilicho chake kwa upendo. Kwa hiyo sikuweza kumtumia Maria kama ngao ya kumfukuzia mtoto, wala sikuweza kumtumia mtoto kama alivyowatumia Yuda maskini.

Tuliamua hivi: karo ya mwaka mzima itoke kwanza katika fedha zile zile za filimbi. Ikatoka. Nikamweleza mfanyabiashara kwamba nitangoja. Nilingoja miezi saba, nikifundisha jioni watoto wa mtihani wa taifa, hadi kiasi kikatimia tena. Ile filimbi ya pili ingeweza kununuliwa na mwingine, nami nilikuwa nimekubali hivyo moyoni. Niliikuta bado ipo, tukapatana dola 1000. Naamini nilikuwa na haki ya kuinunua kwa sababu swali la maskini lilikuwa limejibiwa kwa fedha, si kwa maneno.

Na ile ya zamani? Ipo katika kabati la kwaya. Wasichana wawili wanabadilishana kila juma, na kila mmoja ana daftari lake lenye safu mbili.

Chombo bora hudai mtu bora

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturjia ya mwaka 1963, uliheshimu kinanda cha mabomba kuliko vyombo vingine, lakini ukafungua mlango kwa vyombo vingine pia, maadamu vinafaa kwa ibada, vinapatana na heshima ya hekalu, na kweli vinawajenga waamini. Sisi tulio na ngoma na malimba katika misa yetu tunaufahamu mlango huo. Lakini tazameni masharti: hakuna linalosema juu ya bei.

Nilipoanza kuipuliza filimbi mpya, nilitazamia raha. Nilikuta kazi. Filimbi ya zamani ilikuwa ikificha makosa yangu, kwa sababu yote yalitoka yakiwa na ukungu ule ule. Hii inayasema waziwazi. Nikiingia kwa wasiwasi, wasiwasi unasikika hadi benchi la mwisho. Kwa miezi mitatu ya kwanza nilifanya kila asubuhi zoezi la sauti ndefu, dakika kumi na tano, kama mtoto wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo, anayetafuta chombo bora ili apunguze kazi atasikitika. Huongeza kazi, lakini kazi yenye matunda.

Ninyi mnachagua telefoni, gita, shule, ufundi, hata rafiki wa safari ya maisha. Watu watawaambia kinachong'aa ndicho kinachowafaa. Andikeni safu zenu mbili. Tengenezeni kwanza kinachoweza kutengenezwa. Tajeni hitaji lenu kwa sentensi moja. Waombeni watu wanaowapenda wasikilize bila kutazama. Lipeni deni la upendo kabla ya kulipa dukani. Kisha, mkikipata chombo, kipulizeni kwa ajili ya yule aliyekaa benchi la mwisho.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Ni jambo gani tunalotaka kulibadilisha katika maisha yetu kwa sababu limeshindwa kweli, na lipi kwa sababu sisi hatujafanya zoezi?

2. Katika uchaguzi wetu wa mwisho wa kitu cha thamani, tulisikiliza nini zaidi: macho ya watu au hitaji la huduma yetu?

3. Tunapowataja maskini ili kupinga matumizi ya mwingine, sisi wenyewe tumewapa nini?